Somo: Soda ya maganda ya nanasi na mchaichai

Wapendwa, juisi ya maganda ya nanasi wengi tunaijua. Leo tuitie gesi, bila mashine na bila hamira ya dukani. Gesi itatoka kwenye tangawizi yenyewe.

Kwanza, chachu. Osha tangawizi mbichi, usiimenye, kwa sababu chachu ya asili inakaa kwenye ganda. Katakata vijiko 2 vya chakula, tia kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana pamoja na sukari vijiko 2 na maji vikombe 2. Maji ya bomba yachemshe kwanza, yapoe kabisa, maana klorini inaidhoofisha chachu. Funika kwa kitambaa chepesi. Kila siku ongeza kijiko 1 cha tangawizi na 1 cha sukari, koroga. Kwa joto la Dar, siku ya 3 au ya 4 utaona vipovu vidogo vikipanda pembeni mwa kioo, na ukitega sikio utaisikia inavyochacha. Ukiona ukungu juu, mwaga yote. Kuutoa ule wa juu tu hakusaidii.

Sasa pika. Sugua nanasi vizuri kabla ya kulimenya. Maganda yake, mabua 4 ya mchaichai yaliyopondwa kwa mchi na maji lita 1½, vichemke dakika 20. Chuja, koroga sukari nusu kikombe, kamulia ndimu 1. Kisha subiri. Wengi wanaharibia hapa: ukimimina chachu kwenye juisi ya moto, umeiua. Gusa sufuria; kama bado ni vuguvugu, iache. Ikipoa kabisa, tia nusu kikombe cha chachu iliyochujwa.

Jaza kwenye chupa safi za plastiki zilizokuwa na soda, acha nafasi ya vidole vinne juu, kaza mfuniko. Nawaomba sana, chupa za kioo msitumie. Niliwahi kuweka 3 kabatini, moja ikapasuka usiku, vipande nikavikuta mpaka chini ya friji. Namshukuru Mungu watoto walikuwa wamelala. Chupa ya plastiki unaibonyeza ikakuambia: asubuhi inabonyea, kesho yake jioni imekaza kama soda mpya. Ikikaza hivyo, friji saa ileile. Fungua polepole juu ya sinki, na uimalize ndani ya wiki.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, niko Njombe. Siku ya 4 leo tangu nijaze soda kwenye chupa, gesi hakuna. Nimekosea wapi?
Pole mpenzi, baridi hiyo. Chachu ikipata baridi inalegea. Zungushia chupa kanga nzito, iweke karibu na jiko, si juu yake. Angalia na mfuniko. Ukilegea kidogo tu gesi yote inatoka.

Samahani dada, hii si pombe? Sisi nyumbani hatugusi.
Umefanya vizuri kuuliza. Kinywaji kikichacha, kilevi kidogo kinakuwemo, na kinaongezeka kikikaa nje muda mrefu. Kama hamgusi kabisa, msiifanye hii. Pika juisi hiyohiyo kwa maji nusu lita tu iwe nzito, ipoe, halafu changanya na maji ya gesi ya dukani wakati wa kunywa. Ladha ya mchaichai inabaki vilevile.

Mama ana kisukari. Nikitoa sukari yote?
Bila sukari chachu haina chakula, gesi haitakuja. Na sukari unayotia haiishi yote, inabaki kwenye chupa. Mama mpe chai ya mchaichai iliyopoa, na mnanaa ndani.

Chachu iliyobaki natupa?
Usitupe, shoga. Iweke friji, mara moja kwa wiki ipe kijiko cha tangawizi na cha sukari. Ukitaka kupika tena, itoe siku moja kabla, uilishe, ungoje vipovu virudi.