Una kisukari na miguu inakufa ganzi? Fanya hivi

Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, inaanzia vidoleni, mara ganzi mara unaungua usiku, mwisho husikii kitu. Mama mdogo wangu huku Chamwino alishinda na mwiba umetoboa ndala mpaka nyayo, jioni ndo tukaona damu, iliniuma sana. Kwa hiyo kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole, kama huoni vizuri weka kioo chini au muite mjukuu. Usitembee peku, kung'uta viatu kabla ya kuvaa, maji ya kuoga pima kwa kiwiko, na baridi ya Julai usiweke miguu karibu na jiko la mkaa jamani. Dawa za sukari usiache. Kidonda hata kidogo wahi kituo cha afya siku hiyohiyo, majani usibandike.