Kuiongoza Kompyuta Ukiwa Mbali Nayo: Maandalizi, Njia na Ulinzi

Kompyuta uliyoiacha nyumbani au ofisini inaweza kufunguliwa na kutumiwa kwa simu, kwa kompyuta mpakato au kwa kompyuta nyingine yoyote iliyo mbali nayo, mradi pande zote mbili ziwe na intaneti. Picha ya skrini husafirishwa hadi kwenye kifaa ulichonacho, na kila unapogusa, kubofya au kuandika, amri hizo hurudi na kutekelezwa kule kule kompyuta iliko. Kazi yote hufanywa na kompyuta ya mbali, ndiyo maana hata simu yenye nguvu ndogo huweza kuendesha programu nzito ya uhasibu au ya kuhariri video ambayo yenyewe isingeweza kuibeba.

Kuunganisha si kazi ngumu. Kukishatayarishwa, huchukua dakika moja. Ugumu ni kwamba hitilafu nyingi za njia hii hutaka mtu akae mbele ya kompyuta yenyewe ili azirekebishe, na wakati huo wewe haupo. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu yale ya kufanya ungali mbele ya kompyuta hiyo, kabla hujafunga mlango na kuondoka.

Chagua njia inayolingana na kazi yako

Kundi la kwanza ni programu zinazopitia seva ya kati, yaani kompyuta iliyo mtandaoni inayokutanisha pande mbili, kama vile Chrome Remote Desktop, TeamViewer, AnyDesk na RustDesk. Kompyuta ya mbali hujitambulisha kwa seva, kifaa chako nacho hujitambulisha kwa seva hiyo hiyo, kisha seva huzikutanisha. Kwa kuwa kompyuta yako ndiyo inayotoka kwenda kuitafuta seva, hakuna haja ya kugusa mipangilio ya ruta (kifaa kinachogawa intaneti nyumbani au ofisini) wala ya kumwachia mtu wa nje nafasi ya kuja kubisha hodi. Kwa mtu anayeanza, hili ndilo kundi ninalolipendekeza.

Kundi la pili ni huduma zilizomo ndani ya mfumo endeshi wenyewe. Windows ina Remote Desktop, inayotumia itifaki (kanuni za mawasiliano) ya RDP. Mac ina Screen Sharing, inayotumia VNC, mbinu iliyozaliwa katika maabara ya utafiti mjini Cambridge, Uingereza, miaka ya 1990. Tofauti moja kati ya hizi mbili ni muhimu kuijua mapema. Ukiingia kwenye Windows kwa RDP, skrini ya kule hujifunga, hivyo aliye karibu nayo haoni unachokifanya. Kwa VNC, kwa kawaida wewe na aliye pale mnaona skrini moja na mnaweza kugombania kipanya kimoja. Kwa kazi za siri RDP ni bora, na kwa kumwelekeza mtu VNC hufaa zaidi.

Kundi la tatu ni SSH, iliyobuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Ufini. Hii haileti picha ya skrini. Huleta dirisha la kuandikia amri tu. Anayesimamia seva za Linux hahitaji zaidi ya hilo, na kwa mtandao dhaifu hakuna njia inayoishinda kwa wepesi, kwa sababu kinachosafiri ni maandishi pekee.

Kuiandaa kompyuta kwa Chrome Remote Desktop

Ukiwa mbele ya kompyuta utakayoiacha, fungua kivinjari cha Chrome, ingia kwenye akaunti yako ya Google, kisha nenda remotedesktop.google.com/access. Pakua na usakinishe programu utakayoelekezwa, ipe kompyuta jina utakalolitambua kwa urahisi, kisha weka namba ya siri yenye tarakimu zisizopungua 6. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa wala mfululizo kama 123456. Kwenye kifaa cha kuongozea, ingia kwa akaunti ile ile na ufungue anwani ile ile. Jina la kompyuta litaonekana, nawe utalibofya na kuandika namba ya siri.

Ikiwa kompyuta ya mbali ni Mac, kuna hatua inayosahaulika sana. Mfumo wa Mac hauruhusu programu yoyote ionyeshe skrini au ibofye kwa niaba yako mpaka uiruhusu mwenyewe katika mipangilio ya faragha na usalama, na ruhusa hizo ni mbili tofauti: moja ya kurekodi skrini, nyingine ya ufikivu (Accessibility), inayoiwezesha programu kubofya na kuandika. Ukitoa ya kwanza ukasahau ya pili, utaiona skrini vizuri kabisa ukiwa mbali lakini kipanya hakitabofya kitu.

Kuiandaa kompyuta kwa Remote Desktop ya Windows

Angalia kwanza una toleo gani la Windows, katika Mipangilio, sehemu ya Mfumo, mahali panapoeleza taarifa za kompyuta. Toleo la Home haliwezi kupokea mgeni kwa RDP, ingawa linaweza kutumika kuingia kwenye kompyuta nyingine; anayetaka kuingiwa lazima awe na Pro au toleo la juu yake. Ukiwa na Pro, rudi kwenye Mfumo, fungua Remote Desktop, washa swichi yake na uandike jina la kompyuta mahali salama. Hakikisha pia kwamba sharti la kuthibitisha utambulisho kabla ya kuunganishwa limewashwa, ili asiyejulikana asifikishwe hata kwenye skrini ya kuingilia.

Wengi hukwama kwenye nywila. Kila siku wamezoea kuifungua kompyuta kwa namba fupi, kwa alama ya kidole au kwa uso, na wakiwa mbali huiandika namba ile wakakataliwa. RDP hutaka nywila kamili ya akaunti. Vilevile, akaunti isiyo na nywila kabisa haikubaliwi kuingia kutoka mbali kwa mipangilio ya kawaida ya Windows, na ni vema iwe hivyo. Ijaribu nywila yako kabla ya kuondoka, hasa kama imepita miaka tangu uiandike mara ya mwisho.

Kwenye kompyuta ya kuongozea yenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mstsc, kisha ingiza jina la kompyuta ya mbali. Kwa Mac na kwa simu, Microsoft hutoa programu iitwayo Windows App. Njia hii, kama ilivyo, hufanya kazi mkiwa ndani ya mtandao mmoja. Kuitumia ukiwa nje kunahitaji jambo nitakalolieleza hapa chini, na naomba usome sehemu hiyo kabla ya kugusa ruta yako.

Usilifungue lango la ruta

Ukitafuta msaada mtandaoni utakuta maelekezo yanayosema uingie kwenye ruta na uelekeze lango (mlango wa mtandao wenye namba, ambao huduma hupokelea mawasiliano) namba 3389, ambalo ndilo la RDP, kwenye kompyuta yako. Usifanye hivyo. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikikagua anwani moja baada ya nyingine, na lango hilo likiwa wazi, majaribio ya kukisia nywila hayachelewi kuanza. Hata nywila ikiwa imara, kasoro ndani ya huduma yenyewe inaweza kumruhusu mtu aingie bila kuiandika. Mwezi Mei 2019 ilitangazwa kasoro ya aina hiyo katika RDP ya matoleo ya zamani ya Windows, ikapewa jina BlueKeep, na uzito wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Microsoft ilitoa marekebisho hata kwa Windows XP, ambayo ilikuwa imeacha kuihudumia tangu mwaka 2014. Onyo hili ni kwa lango 5900 la VNC pia. Katika VNC ya asili nywila husomwa herufi 8 za kwanza tu, hata ukiandika 20.

Njia sahihi ni kutumia VPN yako mwenyewe, yaani njia ya faragha iliyosimbwa inayopita ndani ya intaneti. WireGuard ni programu huru na nyepesi kwa kazi hiyo, na Tailscale, iliyojengwa juu yake, hurahisisha usanidi: unaisakinisha kwenye kompyuta ya mbali na kwenye kifaa chako, unaingia kwa akaunti moja pande zote mbili, na kuanzia hapo vifaa hivyo huonana kana kwamba viko ndani ya mtandao mmoja. RDP au VNC hupita humo ndani, huku ruta ikibaki imefungwa. Anayetumia SSH aache nywila na atumie jozi ya funguo, ambayo hutengenezwa kwa amri ssh-keygen -t ed25519. Ufunguo wa siri hubaki kwenye kifaa chake, na ule wa umma ndio unaopelekwa kwenye seva.

Kwa programu zinazopitia seva ya kati, mlango wako ni akaunti. Anayeipata akaunti yako ya Google amefika kwenye kizingiti cha kompyuta yako, akibakiwa na namba ya siri tu. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kabla ya jambo jingine lolote.

Kompyuta iliyolala haiitiki

Niliwahi kusafiri nikiwa nimeandaa kila kitu nilichoeleza hapo juu, isipokuwa mipangilio ya umeme. Kompyuta iliitika kwa nusu saa ya kwanza, kisha ikalala, na siku nne zilizofuata sikuweza kulifikia hata faili moja. Katika mipangilio ya umeme, iamuru kompyuta isilale kamwe ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Skrini inaweza kuzimika bila madhara. Kwa kompyuta mpakato, elekeza pia kwamba kufunga kifuniko kusifanye chochote, kisha iache mahali panapopitisha hewa.

Fikiria na umeme kukatika. Katika mipangilio ya msingi ya kompyuta nyingi za mezani, ile inayofunguliwa kabla mfumo endeshi haujaanza, kuna chaguo la kuifanya kompyuta ijiwashe umeme unaporudi. Zipo pia kompyuta zinazoweza kuamshwa kwa ujumbe maalumu unaotumwa kupitia waya wa mtandao, mbinu iitwayo Wake-on-LAN, lakini ujumbe huo kwa kawaida hutumwa kutoka ndani ya mtandao ule ule, hivyo utahitaji kifaa kingine kilichobaki macho huko. Mac yenye diski iliyofungwa kwa FileVault ikiwaka upya, kwa kawaida husubiri nywila mbele ya skrini kabla haijafika hatua ya kukupokea. Kama unaweza, sakinisha masasisho yote siku moja kabla ya safari, ili yasije yakaizima na kuiwasha kompyuta ukiwa mbali.

Baada ya hapo fanya jaribio la kweli. Zima Wi-Fi kwenye simu yako, tumia data ya laini, na uingie kwenye kompyuta kana kwamba umekwisha kuondoka. Jaribio la ndani ya mtandao mmoja halithibitishi kitu, kwa sababu mambo mengi hufaulu humo na kushindwa nje. Kisha iwashe upya kompyuta ukiwa umeingia kwa mbali, subiri, na ujaribu kuingia tena bila kuigusa.

Ukishaingia

Picha ikisuasua, punguza ukubwa wa skrini na ubora wa rangi, na uondoe picha ya mandhari. Katika RDP, vitufe vya Ctrl, Alt na Delete hushikwa na kompyuta uliyonayo. Ili kuvipeleka kule, tumia End badala ya Delete. Kufunga dirisha la RDP hakufungi kazi zako: programu huendelea kule kule, na utazikuta ukirudi. Usibofye kuzima kompyuta kwa mazoea, kwani hakutakuwa na mkono wa kuiwasha.

Kumsaidia mtu mwingine, na kujihadhari na wanaojifanya wasaidizi

Kwa msaada wa mara moja, usisakinishe ruhusa ya kudumu kwenye kompyuta ya mwenzako. Mwombe afungue remotedesktop.google.com/support, atengeneze msimbo wa tarakimu 12 na akusomee. Msimbo huo hutumika mara moja tu, na kila baada ya dakika 30 ataulizwa kama anakubali kuendelea. Mweleze unachokwenda kufanya kabla hujakigusa, na umwache aone kila hatua. Kama kompyuta yake ni ya Windows na picha unayoiona ikawa nyeusi ghafla, huenda kule kumetokea kidirisha kinachoomba idhini ya msimamizi, nacho hakionyeshwi kwa mgeni. Ni yeye atakayekijibu.

Zana hizi hizi hutumiwa na wezi. Mtu hupiga simu akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa benki au fundi wa kampuni kubwa ya kompyuta, anadai kuna tatizo, kisha anakuomba usakinishe programu na umsomee namba. Aliye na namba hiyo ana skrini yako, na akikuomba ufungue akaunti ya benki ataiona kama uionavyo. Usimpe msimbo mtu aliyekupigia wewe. Kata simu, tafuta namba rasmi ya taasisi hiyo mwenyewe, na uulize. Kama umekwisha kumruhusu, chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi papo hapo, ondoa programu aliyokuwekesha, badilisha nywila zako kwa kutumia kifaa kingine, na uiarifu benki.

Ukirudi kutoka safari, zima swichi ya Remote Desktop kama huihitaji kila siku, kisha fungua orodha ya vifaa katika akaunti uliyoitumia na uondoe kila usichokitambua pamoja na kila ulichokiazima njiani.