Somo: Haibridi yako imezeeka. Uitengeneze au uachane nayo?

Gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, likishafikisha miaka kumi na kitu, mmiliki wake hapa Dar es Salaam huanza kushauriwa na kila mtu, kuanzia mwosha magari hadi shemeji, na ushauri wenyewe huwa mmoja: liuze kabla betri haijafa. Mimi siafiki haraka hiyo. Betri kubwa, ile inayolisha mota ya umeme, ndiyo inayoogopwa kuliko sehemu nyingine yoyote, lakini mara nyingi siyo inayopaswa kuamua hatima ya gari. Kinachoamua ni hali ya injini, breki na bodi, kisha hesabu ya mafuta kwa njia unazopita kila siku. Mifano yangu mingi ni ya Toyota, yaani Prius ya kizazi cha pili (2003 hadi 2009), ya kizazi cha tatu (2009 hadi 2015), na Aqua iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2011.

Hatua ya kwanza: pima betri ndogo

Haibridi ina betri mbili. Ile ndogo ya volti 12 haizungushi injini kama ilivyo kwenye gari la kawaida. Kazi yake ni kuamsha kompyuta za gari. Ikichoka, kompyuta hizo huanza kutoa malalamiko ya ajabu, taa zinawaka dashibodini kama za sherehe, na mwenye gari huambiwa mfumo mzima umekufa. Pima gari likiwa limelala usiku kucha: volti 12.6 ni nzuri, na ikishuka kufikia 12 betri hiyo iko karibu tupu. Usikubali makadirio yoyote ya mamilioni kabla ya kipimo hiki, ambacho hakichukui hata dakika tano.

Hatua ya pili: kagua injini na breki kabla ya betri kubwa

Watu wengi hufuata mpangilio wa kinyume, wakanunua betri na baadaye kugundua kwamba injini ilikuwa tayari inaugua. Kwenye Prius ya kizazi cha tatu, yenye injini ya lita 1.8, ugonjwa unaojulikana ni gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya kichwa cha injini na bloku yake. Kipozeo cha moshi unaorudishwa kwenye injini huziba kwa masizi, joto hupanda mahali pasipotakiwa, na baada ya muda gasketi huachia. Dalili yake ya mapema husikika asubuhi: gari likiwashwa likiwa baridi, injini hutetemeka na kugonga kwa sekunde chache, kisha hutulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Dalili ya pili ni kulanti (maji ya kupozea injini) kupungua bila kuonekana tone chini ya gari. Ukiziona zote mbili, omba rejeta na mfumo wa maji vipimwe kwa presha, wala usiridhike na fundi anayekwambia ni plagi tu.

Injini ya lita 1.5 iliyomo kwenye Prius ya kizazi cha pili na kwenye Aqua haina sifa mbaya ya namna hiyo. Yenyewe angalia kama inakula oili, na kwa Prius ya kizazi cha pili hakikisha pampu ya umeme inayopoza inveta (kifaa kinachobadilisha umeme wa betri kubwa ili mota iutumie) inazungusha maji, kwa sababu pampu hiyo hufa kimyakimya.

Breki zina pampu yake ya umeme. Ukisimama, gari likiwa limewashwa na mguu hauko kwenye breki, kisha ukasikia pampu hiyo ikiguruma kila baada ya sekunde chache, presha inavuja ndani. Kifaa hicho ni ghali, na hapa hakuna cha kuahirisha: gari lenye hitilafu hiyo halipaswi kuteremka mlima wowote na abiria. Uzuri wake ni kwamba pedi za breki za haibridi hudumu muda mrefu, kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi.

Hatua ya tatu: sasa betri kubwa

Betri kubwa ya Prius ya kizazi cha pili imeundwa kwa vipande 28 ambavyo mafundi wetu huviita seli, kila kimoja kikiwa na volti 7.2, na jumla yake ni volti 201.6, ya Aqua ina vipande 20. Ndani ya kila kipande mna seli ndogo sita za volti 1.2. Kwa hiyo seli ndogo moja ikifa, kipande chake hubaki nyuma ya wenzake kwa takriban volti moja na kidogo. Hilo huonekana kwenye mashine ya kupimia hata pale ambapo dashibodi bado haijawasha taa. Mwombe fundi akuonyeshe usomaji wa vipande jozi kwa jozi, gari likiwa linavuta kwa nguvu na pia likiwa linachaji. Msimbo wa hitilafu P0A80, ambao mashine hiyo huusoma, unasema kompyuta imeona tofauti kubwa mno kati ya vipande. Peke yake haukwambii ni kwa nini.

Sababu mara nyingi ni joto. Betri hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo pembeni au chini ya siti ya nyuma, kutegemea aina ya gari. Katika Dar es Salaam ya Januari, ukiendesha na vioo wazi bila AC huku tundu limefunikwa na mkoba, kiti cha mtoto au manyoya ya kapeti, betri inavuta hewa ya moto yenye vumbi. Kufungua feni hiyo na kuisafisha ni kazi ndogo ambayo mara nyingine hurudisha uhai mwingi kuliko mmiliki alivyotarajia. Lipo pia kosa la foleni: ukisimama pale Mwenge au Buguruni ukaweka gia kwenye N, betri haichaji hata kama injini inanguruma, na AC ya umeme inaendelea kuinyonya. Acha gia kwenye D ukishika breki, au weka P.

Hatua ya nne: bodi na historia ya maji

Pita haraka kwenye rangi na mikwaruzo. Inua kapeti ya nyuma, nusa, angalia kutu kwenye boliti za fremu ya betri. Gari lililowahi kuingia maji ya mafuriko siwezi kumshauri mtu alihangaikie, hata kama linatembea leo.

Hatua ya tano: hesabu

Chukua kalamu. Tuseme unatembea kilomita 12,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa za foleni. Gari la petroli la kilomita 12 kwa lita litakunywa lita 1,000. Haibridi yenye afya, ikienda kilomita 18 kwa lita, itakunywa takriban lita 667. Tofauti ni lita 333, na tukikadiria lita moja kuwa shilingi 3,000 (weka wewe bei kikomo ya mwezi huu ya EWURA, mdhibiti wa bei za mafuta), hiyo ni karibu milioni moja kwa mwaka. Betri ya milioni tatu hujilipa kwa miaka mitatu hivi, mradi iwe na dhamana ya maandishi ya muda wa maana. Lakini anayetembea kilomita 5,000 tu kwa mwaka anaokoa kama shilingi 417,000, na betri hiyohiyo itamchukua zaidi ya miaka saba kujilipa. Huyo simlaumu akiuza. Kadhalika anayesafiri zaidi kwenye barabara kuu ya Morogoro kuliko mjini, kwa sababu haibridi hupata faida yake kubwa palipo na kusimama na kuondoka.

Upande wa pili wa hesabu usisahaulike: gari utakalonunua badala yake nalo huenda ni la mtumba kutoka Japani, lenye ushuru wake wa uchakavu na magonjwa usiyoyajua. Kanuni yangu ni kwamba gharama zote za miaka miwili ijayo zikizidi nusu ya bei ya gari kama hilo likiwa zima, uza. Zikiwa chini ya hapo, na hatua ya pili na ya nne zimepita salama, tengeneza.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kimara: Habari za kazi, ndugu. Fundi ameniambia nibadilishe seli mbili tu, ambazo ni za mtumba, na gharama ni ndogo sana. Je, nikubali?

Jibu: Kubali kama unataka kuuza gari baada ya miezi michache na utamweleza mnunuzi ukweli, au kama huna pesa kwa sasa. Vipande vilivyobaki vina umri uleule na vimeishi kwenye joto lilelile, hivyo kingine kitafuata. Fundi makini huvisawazisha vyote kwa kuvichaji na kuvimaliza chaji mara kadhaa kabla ya kufunga. Kama anasema atamaliza kazi kwa saa mbili, hajavisawazisha.

Mwanachama wa Tegeta: Je, siwezi kuing'oa betri kubwa kabisa nikatumia petroli peke yake?

Jibu: Kwa Toyota, hapana. Injini yenyewe huzungushwa na mota inayotumia betri hiyo, na gia zake haziendi bila mota mbili kusaidiana. Zaidi ya hapo, nyaya za rangi ya chungwa zina umeme unaoua. Hata mafundi huondoa plagi ya usalama, wakavaa glavu maalumu na kungoja angalau dakika kumi kabla ya kugusa.

Mwanachama wa Magomeni: Shikamoo kaka. Mvua ilipozidi, maji yalifika kwenye siti za nyuma nikiwa nimeegesha karibu na Jangwani. Sasa limekauka. Niwashe?

Jibu: Marahaba. Usiwashe. Vuta gari kwa mkokoteni wa kubebea magari, fundi wa haibridi afungue betri kwanza. Hata ikiwaka, unyevu unaweza kuleta msimbo P0AA6, maana yake umeme wa volti nyingi unavuja kuelekea kwenye bodi. Kwa maji yaliyofika siti, mimi ningeliuza kama vipuri.

Mwanachama wa Mbagala: Naendesha teksi ya mtandao kwa Aqua. Nifunge mfumo wa gesi asilia badala ya kununua betri?

Jibu: Gesi haitibu betri, gari litaendelea kuihitaji kila linapoondoka. Mfumo wa gesi huanza kwa petroli hadi injini ipate joto, na injini ya haibridi huzimika kila mara, kwa hiyo utaokoa kidogo kuliko mwenye gari la kawaida. Mtungi nao utakula buti ya abiria wako wa uwanja wa ndege. Kwa kilomita za teksi, betri mpya itajilipa mapema kuliko katika mfano wangu wa hapo juu. Pima tu breki kwanza.