Kuanzisha mbegu mpya ya mbwa: somo kwa wafugaji wa Uganda

Mara kwa mara mtu huniletea picha ya kibwa aliyezaliwa na German Shepherd na mbwa jike wa mtaani, halafu anatamba kwamba amepata mbegu mpya. Huyo ni chotara. Huenda ni mzuri, ana afya na ni mlinzi hodari, lakini bado si mbegu. Mbegu ipo pale ambapo dume na jike wa aina hiyo wakipandana, watoto wanafanana nao, na wajukuu vilevile, bila kwenda kuazima damu nje. Wafugaji wa Ankole hawahitaji kuelezwa sana. Ng'ombe wa pembe ndefu akipandishwa na Friesian, ndama wa kwanza wanaelekeana. Pandisha ndama hao wao kwa wao uone zizi linavyojaa kila sura.

Hatua ya kwanza: andika kazi kabla ya sura

Louis Dobermann wa Apolda, Ujerumani, alikuwa mkusanya kodi, na alitaka mbwa wa kumlinda. František Horák wa Chekoslovakia alikuwa mwindaji. Alitaka mbwa mfupi, mwembamba wa kifua, anayeweza kuingia shimoni kumfuata mnyama. Wote walijua kazi kwanza.

Kwetu kazi iliyo wazi ni mbwa wa boma: analala nje, anakula posho (ugali) na mukene (dagaa), ana manyoya mafupi, hadhoofiki kila msimu wa kupe, anabweka mgeni akifika getini lakini hamng'ati mtoto wa jirani. Yaandike hayo kwenye karatasi moja, uibandike ukutani. Ukianza na "nataka macho ya bluu na madoa ya kijivu" umeanzia mkiani. Jeni la madoa hayo, linaloitwa merle, lina hatari yake: wazazi wote wawili wakiwa nalo, kwa wastani robo ya watoto hupata nakala mbili, na hao wako hatarini zaidi kuzaliwa viziwi, vipofu, au vyote viwili.

Hatua ya pili: tafuta waanzilishi

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wanapofanya haraka. Mbegu haianzi na mbwa wawili. Shirikisho la kimataifa la FCI, lililoanzishwa 1911 na lenye makao yake Ubelgiji, linapotazama mbegu mpya hudai koo 8 zisizochangia babu kwa vizazi 3. Hata kama hufikirii cheti, kipimo hicho ni cha busara. Maana yake ni kwamba mtu mmoja mwenye ua Kireka hataweza peke yake. Tafuteni wenzenu, mgawane koo.

Wapi pa kuwatafuta? Anzeni na mbwa wa kienyeji. Huyu ameshachujwa na kupe, minyoo, njaa na jua kabla hujamwona. Chukua mmoja Karamoja anakofuata mifugo, mwingine West Nile, mwingine Masaka, ili uwe na uhakika hawakutoka tumbo moja. Damu ya nje ilete tu kama kuna sifa unayoikosa kabisa, kwa mfano uzito au utulivu wa kufundishika. Njia hii si ngeni Afrika. Kusini, mbwa wa Wakhoikhoi wenye mstari wa nywele zilizogeuka mgongoni walichanganywa na mbwa wa walowezi, na mwaka 1922 wafugaji walikutana Bulawayo wakaandika sifa za mbwa tunayemwita leo Rhodesian Ridgeback. Mstari huo nao una gharama: mbwa mwenye nakala mbili za jeni lake yumo hatarini zaidi kuzaliwa na kijishimo cha ngozi kinachozama kuelekea uti wa mgongo.

Kabla ya kupandisha, mwanzilishi yeyote apite kwa daktari wa mifugo. Mambo matatu usiyaruke. La kwanza ni uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, ambao upo sana kwa mbwa wanaozurura. Ukiona matone ya damu yanaendelea kudondoka muda mrefu baada ya joto (kipindi cha jike kutaka dume) kwisha, au dume anavuja damu huku akijilamba bila kuacha, usipandishe. Uvimbe huu kwa kawaida hutibika kwa sindano za dawa iitwayo vincristine. La pili ni brusela ya mbwa, inayoharibu mimba na kugumbisha dume. Mwenye nayo anatoka kwenye mpango moja kwa moja, kwa sababu dawa haina uhakika wa kuimaliza, na binadamu pia anaweza kuambukizwa. La tatu ni picha ya eksirei ya nyonga, hasa kama umeleta mbwa mzito.

Hatua ya tatu: changanya, kisha vumilia

Kizazi cha kwanza kitakufurahisha. Kizazi cha pili kitakuvunja moyo: masikio yaliyosimama na yaliyolala, wafupi kwa warefu, waoga kwa wakali. Usikate tamaa, hapo ndipo uchaguzi unapoanza kwa kweli. Mwaka 1989 Wally Conron wa Australia alipandisha Labrador na Poodle akitafuta mbwa wa kuongoza kipofu ambaye mume wake alidhurika na manyoya ya mbwa. Kati ya vibwa watatu, mmoja tu ndiye aliyefaa. Watu waliiga mchanganyiko wake bila kuchuja, na Conron mwenyewe alikuja kusema hadharani kwamba anajuta.

Hatua ya nne: amua nani asizae

Kwangu mimi, mbegu hutengenezwa na wale unaowazuia kuzaa kuliko wale unaowapandisha. Pimeni kila mzao kwa njia ileile. Kipimo ninachokipenda hakina gharama. Vibwa wakiwa na wiki 7, angusha kifuniko cha sufuria sakafuni, hatua chache nyuma yao. Wote watashtuka, ni haki yao. Tazama kinachofuata. Kuna atakayerudi baada ya muda mfupi kunusa kifuniko, pengine hata kukikanyaga. Kuna atakayejikunyata nyuma ya mama yake, na jioni bado anakizunguka kwa mbali. Andika majina yao palepale.

Wakikua, hesabu kupe ndani ya sikio na katikati ya vidole, wote siku moja, kabla ya kuogesha kwa dawa. Ndugu wa tumbo moja, ua mmoja, na bado utaona mmoja amejaa na mwenzake ana wawili. Fanyeni hivyo msimu hadi msimu kabla ya kuamini.

Wasiochaguliwa wahasiwe na kupewa watu wanaotaka mlinzi wa kawaida. Gharama hiyo iwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Hatua ya tano: daftari

Tarehe, baba, mama, waliozaliwa, waliokufa na sababu, waliohasiwa. Chipu ndogo chini ya ngozi ikiwezekana. Dobermann hakuacha kumbukumbu, na mpaka leo watu wanabishana ni mbwa gani aliwatumia. Daftari ndilo litakalokuonyesha pia undugu umefika wapi. Ukipandisha ndugu wa baba na mama mmoja, watoto wana asilimia 25 ya undugu wa damu. Wa mzazi mmoja, 12.5; binamu wa kwanza, 6.25.

Kuhusu muda, jike apandishwe akiwa na miaka 2 hivi, abebe siku 63, kisha mngoje watoto wakue mwapime. Vizazi 5 ni zaidi ya miaka 10. Horák alianza 1949, mbwa wake akatambuliwa na FCI mwaka 1963.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Bombo: Shikamoo Mwalimu. Dume langu ndilo bora kuliko yote kwenye kundi. Kwa nini nisimpandishe na binti zake ili sifa zikae?*

Marahaba. Sifa zitakaa, na magonjwa yaliyojificha yatakaa nazo. Baba na binti ni asilimia 25 ileile ya ndugu. Mpandishe na majike wa koo nyingine, wachache tu, kisha mpumzishe. Dume mmoja akizaa nusu ya kizazi, nusu hiyo yote ni ndugu.

*Kutoka Arua: Mbona tusiseme tu kwamba mbwa wetu wa kienyeji ni mbegu tayari?*

Hoja nzuri, na binafsi nusu yangu iko upande wako. Basenji alitoka misitu ya Kongo hapo jirani. Hakuna aliyemtengeneza, watu walimchukua, wakamwandikia sifa na kutunza vizazi vyake. Hata tabia ya majike wengi wao kupata joto mara moja kwa mwaka walimkuta nayo. Mkitaka njia hiyo, rukeni kuchanganya. Hatua ya nne na ya tano zinabaki.

*Kutoka Lira: Nataka wa kuwinda anyeri (ndezi) mashambani.*

Andika hivyo kwenye karatasi yako. Asikaribie hifadhi ya wanyama, sheria haitamuuliza alikuwa anafukuza nini.

*Kutoka Mbale: Nani atatupa cheti?*

Kwa sasa, hakuna. Klabu ya East Africa Kennel Club iko Nairobi, mnaweza kwenda kuona maonyesho yanavyoendeshwa. FCI hutambua kwa muda kwanza, na utambuzi kamili huja baada ya miaka mingi. Wekeni nguvu kwenye mbwa, cheti kitawakuta njiani.

*Kutoka Kampala: Nina jike mmoja wa kienyeji na ua mdogo. Nafaa?*

Unafaa sana, dada. Jike mmoja aliyepimwa vizuri ni ukoo mmoja kati ya zile 8. Mfungie ndani akiwa kwenye joto, maana madume wa mtaa mzima watakuja kulala getini, na mchanje kichaa cha mbwa kama hajachanjwa. Kisha nitumie picha yake akiwa amesimama ubavu, na umri aliopata joto la kwanza kama unaukumbuka.