Kunyonya mafuta kwa upasuaji: mambo ya kuandikiana kabla hujalipa amana

Wengi wetu tunaotoka Afrika Mashariki na kuishi Uingereza huanza kufikiria upasuaji wa kunyonya mafuta baada ya uzazi, au baada ya miaka mingi ya zamu za usiku na chakula cha kula umesimama. Wanaume nao wamo, ingawa hawasemi. Hapa nchini upasuaji huo hugharimu takriban pauni 2,000 hadi 6,000 kutegemea sehemu za mwili, na huduma ya afya ya taifa, NHS, kwa kawaida haiugharimii ikiwa lengo ni umbo tu. Ndiyo maana watu huangukia kwa madalali wa Istanbul, ambao hutaja bei ya chini na kukujumlishia hoteli, gari la kukupokea uwanja wa ndege na mkalimani. Nilipitia njia hiyo. Upasuaji wenyewe ulikwenda salama, lakini wiki zilizofuata ziliniumiza sana, kwa sababu nilibaki na jeraha ambalo kila mtu alisema linamhusu mwingine.

Kuhusu upasuaji wenyewe nitasema machache, kwa kuwa maelezo yake yamejaa kila mahali. Daktari hujaza eneo husika maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi na adrenalini ya kupunguza utokaji wa damu, kisha hupitisha mrija mwembamba katika tundu dogo na kunyonya mafuta yaliyo chini ya ngozi. Mafuta yanayozunguka utumbo hayafikiwi na mrija huo, kwa hiyo kitambi kigumu hakitoki kwa njia hii, na sukari haishuki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwafuatilia wanawake wanene walioondolewa takriban kilo 10 za mafuta, na haukuona nafuu yoyote katika sukari wala shinikizo la damu. Anayetaka kupungua uzito kwa ajili ya afya atafute tiba nyingine. Mwambie daktari kama una seli mundu, kama ngozi yako huota keloidi, na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, aspirini au dawa za miti shamba. Acha sigara mapema. Nguo ya kubana utaivaa kwa wiki kadhaa, na umbo kamili huenda lisionekane hadi miezi 6 ipite.

Sasa nije kwenye mtego, na hapa naomba usome polepole. Mkataba niliotia saini ulikuwa kati yangu na kampuni ya udalali. Hospitali haikuwa sehemu ya mkataba huo, na jina la daktari halikuandikwa popote. Nilimwona kwa mara ya kwanza asubuhi ya upasuaji, akiwa na kalamu ya kuchora mistari mwilini. Kifungu cha marekebisho kilisema kwamba kasoro yoyote itarekebishwa bure, lakini baada ya miezi 6, katika hospitali ileile, kwa nauli na malazi ya mgonjwa mwenyewe. Kuhusu usaha, homa au maji kujikusanya chini ya ngozi, mkataba haukusema neno hata moja.

Maji ndiyo yaliyonipata. Upande wa kushoto wa kiuno palivimba, na nilipobonyeza niliyasikia yakisogea kama maji ndani ya mfuko wa plastiki. Baadaye ngozi ikawa nyekundu na ya moto. Dalali alijibu kwenye WhatsApp kwamba hiyo ni hali ya kawaida na nipumzike. Mapokezi ya daktari wangu wa mtaani waliniambia niwasiliane na hospitali iliyonipasua. Mwishowe nilikwenda idara ya dharura, na huko, namshukuru Mungu, walinitibu. Muuguzi aliyatoa maji ya manjano kwa bomba la sindano, kisha akaniuliza maswali ambayo kila mgonjwa anapaswa kuwa na majibu yake: walinyonya lita ngapi, walitumia antibayotiki gani, mirija ya kutolea maji iliwekwa au haikuwekwa. Nilimpa karatasi pekee niliyokuwa nayo, ukurasa mmoja wa Kituruki wenye muhuri. Aliipiga picha kwa simu ili itafsiriwe, na tafsiri ikatoa jina la hospitali, tarehe, na sentensi inayosema kwamba hali ya mgonjwa ni nzuri.

Kwa hiyo narudia: usilipe amana kabla hujaandikiwa ni nani atakayekuhudumia ukirudi. Wakuandikie jina kamili la daktari na namba yake ya usajili. Wakuandikie kwamba utapewa taarifa kamili ya upasuaji kwa Kiingereza kabla hujatoka hospitalini, yenye kiasi cha mafuta kilichotolewa, dawa zote, na namna ulivyolazwa usingizi. Wakuandikie ni kliniki gani nchini Uingereza itakayokutoa maji na kuangalia vidonda, na gharama hiyo ni ya nani. Dalali akikujibu kwa sauti, au kwa ujumbe wa "usijali dada", hajajibu. Nchini Uturuki, Wizara ya Afya hutoa kibali maalumu cha utalii wa tiba kwa hospitali na pia kwa mawakala, kwa hiyo omba vyote viwili na uvihakiki. Ukiona kibali cha hospitali tu, bado hujui unayemlipa ni nani.

Fedha nazo zina mtego wake. Bima ya kawaida ya safari hailipii upasuaji uliopangwa wala matatizo yanayotokana nao. Yangu ilikataa kwa barua ya aya mbili. Kwa sheria ya mikopo ya Uingereza ya mwaka 1974, kifungu cha 75, ukilipia kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 na kisichozidi pauni 30,000, kampuni ya kadi inawajibika pamoja na muuzaji, hata kama muuzaji yuko nje ya nchi. Lakini fedha ikipitia mtu wa kati, kinga hiyo inaweza kukatika, na ukilipa taslimu au kwa kuhamisha benki huna kinga hiyo kabisa. Dalali anayesisitiza taslimu mlangoni mwa hospitali anajua anachokifanya.

Angalia pia tarehe ya kurudi. Ushauri wa NHS ni kusubiri siku 5 hadi 7 baada ya kunyonya mafuta kabla ya kupanda ndege, kwa sababu ya hatari ya damu kuganda miguuni na kukimbilia mapafuni. Dalali aliyenipangia safari aliweka tiketi kabla ya muda huo, nami nikalipa kuibadilisha. Tena, ukiambiwa watanyonya zaidi ya lita 5 na jioni ulale hotelini, ondoka. Kiasi hicho kinahitaji kulazwa na kuangaliwa usiku kucha. Na wakikupa "zawadi" ya kuyadunga mafuta hayo makalioni, fahamu kwamba huo ni upasuaji mwingine, ambao mafuta yake yakiingia kwenye mishipa mikubwa ya damu huua. Chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo cha Uingereza, BAAPS, kiliwashauri wanachama wake wauache mwaka 2018, na mwaka 2022 kikauruhusu kwa sharti la kubaki chini ya ngozi tu na kutumia mashine ya ultrasaundi.

Atakayefanyiwa hapahapa Uingereza amtafute daktari katika orodha ya mabingwa wa upasuaji wa plastiki ya GMC, baraza linalosajili madaktari, kwa kuwa usajili wa kawaida wa udaktari hautoshi. Na kwa England, ahakikishe kliniki imesajiliwa na CQC, tume inayokagua huduma za afya. Mwongozo wa madaktari wa upasuaji wa nchi hii unataka angalau wiki 2 za kufikiri kabla ya siku yenyewe. Punguzo linaloisha kesho linapingana na mwongozo huo.

Ndugu zetu wa nyumbani, nawasihi kwa upendo. Kuna wifi na mashangazi wanaotuma picha kwenye kundi la ukoo na kuuliza kama wanaweza kuja kwa viza ya matembezi wafanyiwe, "kwa kuwa huko hospitali ni bure". Si bure kwa mgeni. Akilazwa kwa matatizo ya upasuaji, atatozwa asilimia 150 ya bei ya NHS, na deni la pauni 500 au zaidi lisilolipwa linaweza kumnyima viza siku nyingine. Mwenyeji wake ndiye atakayepigiwa simu.

Nimeishi na Waingereza vya kutosha kuona kwamba ni watu wa kazi yao na mpaka wake. Mtu wa mapokezi atakuonea huruma ya kweli na bado asikusogeze hatua moja, kwa sababu jambo lako liko nje ya mpaka wake, ilhali kwetu mtu angemwita daktari anayemfahamu. Naona upungufu katika hilo, na sitaacha kulisema. Lakini jamii hiyohiyo huheshimu karatasi: nilipoandika malalamiko yenye tarehe na picha, daktari wa mtaani alinipokea na kunipangia kusafishwa vidonda. Andika mapema.

Dalili za kukukimbiza idara ya dharura ni kukosa pumzi, maumivu ya kifua, mguu mmoja kuvimba, maumivu makali ya tumbo na homa. Ukienda likizo nyumbani miezi michache baada ya upasuaji kisha ukapata homa au vinundu vinavyotoa usaha, usikubali kuandikiwa dawa ya malaria bila kipimo. Wapo bakteria wa jamii ya kifua kikuu wanaochelewa kujitokeza, kama waliowapata Wamarekani waliofanyiwa upasuaji wa urembo Jamhuri ya Dominika mwaka 2003 na 2004, na antibayotiki za kawaida haziwawezi. Mwambie daktari wa Muhimbili au wa Kenyatta kwamba ulinyonywa mafuta, wapi na lini, umkabidhi ile taarifa ya upasuaji, na umwombe usaha upelekwe maabara kuoteshwa kwa ajili ya bakteria hao.