SOMO: Nguzo nne za OOP kwenye usaili, kwa mfano mmoja tu

Habari zenu wakuu. Swali la "taja nguzo nne za OOP" (uandishi wa programu kwa kutumia objekti) halijawahi kumpa mtu kazi. Majina manne (enkapsulesheni, abstraksheni, polimofizimu na urithi) kila aliyesoma usiku wa jana anayo. Kinachowachuja watu ni swali linalofuata: "Kwa nini?" Somo hili ni la hapo. Natumia lugha ya Java kwa sababu ndiyo inayoulizwa sana, lakini mantiki ni ile ile kwenye C# na kwingineko.

Hatua ya 1: Ingia na mfano wako

Achana na mbwa na paka wa vitabuni. Chukua akaunti ya pesa za simu; hakuna msaili ambaye hajawahi kutuma pesa. Klasi `Akaunti` inaeleza kila akaunti ina nini na inafanya nini. Objekti ni akaunti moja mahususi iliyoundwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, yenye namba yake na salio lake. Hapa usipoteze zaidi ya nusu dakika.

Hatua ya 2: Enkapsulesheni ni kulinda sheria

Wengi hujibu "ni kuficha data", kisha wanaandika `private long salio;` (`private` huzuia klasi nyingine kuligusa moja kwa moja) na chini yake methodi, yaani kitendo cha klasi, ya `setSalio()` inayobadilisha salio. Sasa umeficha nini? Sehemu yoyote ya programu inaweza kuliweka salio kuwa hasi elfu kumi na hakuna wa kuizuia.

Anza na sheria: salio lisishuke chini ya sifuri. Kwa hiyo `setSalio()` haipo kabisa. Kuna `weka()` na `toa()`, na `toa()` inakataa kiasi kinachozidi salio. Kesho kikiongezwa kikomo cha kutoa kwa siku, unarekebisha mahali pamoja tu. Hilo ndilo jibu la "kwa nini".

Jambo la pembeni ambalo wasaili hulipenda: pesa usizihifadhi kwa `double`, aina ya namba za desimali zinazokadiriwa. Jumlisha 0.1 na 0.2 utapata 0.30000000000000004. Tumia `BigDecimal` (desimali kamili), au `long` (namba nzima) inayohesabu senti.

Hatua ya 3: Abstraksheni na polimofizimu, zieleze pamoja

Tengeneza intafesi (orodha ya methodi ambazo klasi inaahidi kuzitekeleza) `NjiaYaMalipo` yenye methodi moja, `lipa()`. Klasi ya M-Pesa inaitekeleza kivyake, ya Airtel Money kivyake, ya kadi ya benki kivyake. Msimbo wa duka unaita `njia.lipa(kiasi)` na haujali nyuma yake kuna nani. Kule kutojali ndiyo abstraksheni. Mwito mmoja kuzaa matendo tofauti kulingana na objekti iliyopo ndiyo polimofizimu. Faida yake: ikija njia mpya ya malipo unaongeza klasi mpya, badala ya kurefusha mlolongo wa `if` na `else` usiokwisha.

Hapo watakutega kwa ovalodi na ovaraidi. Ovalodi ni methodi zenye jina moja na vigezo tofauti, na kompaila (inayotafsiri msimbo kabla haujaendeshwa) ndiyo inayochagua kabla programu haijaanza kazi. Ovaraidi ni klasi ya mtoto kuiandika upya methodi ya mzazi, na uchaguzi hufanyika programu ikiwa inaendeshwa. Methodi za `static`, zilizo za klasi yenyewe na si za objekti, hazina ovaraidi.

Hatua ya 4: Urithi, na hapa ndipo mkae zaidi

Kusema "mtoto anarithi vya mzazi ili tusirudie msimbo" ni jibu la nusu, na ndiyo nusu inayoleta matatizo. Mfano mzuri wa urithi uliokosewa umo ndani ya Java yenyewe. Klasi ya `Stack` inapaswa kuwa na kanuni moja: kilichoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Lakini waliifanya irithi `Vector`, ambayo ni orodha ya kawaida, na `Vector` inaruhusu kuchomeka kitu popote. Kwa hiyo ukiita `add(0, x)` kwenye `Stack`, kitu kinakwenda kukaa chini kabisa na kanuni imevunjika. Kuuondoa urithi huo sasa haiwezekani bila kuharibu programu za zamani zinazoitegemea. Nyaraka za Java zenyewe zinashauri utumie `Deque` (foleni ya ncha mbili), kwa mfano `ArrayDeque`.

Walichopaswa kufanya ni kuiweka orodha ndani ya `Stack` kama sehemu yake ya siri, bila kuirithi. Rithi pale tu ambapo mtoto anaweza kukaa popote anapotarajiwa mzazi bila kuharibu kitu. Wazo hilo linahusishwa na Barbara Liskov, aliyelieleza mwaka 1987.

Kipimo cha haraka: `Mraba` urithi `Mstatili`? Kihesabu mraba ni mstatili, sawa. Lakini weka upana 5, kisha urefu 4. Aliyeandika msimbo anategemea eneo la 20, naye mraba, kwa kulazimisha pande zilingane, unampa 16.

Maswali ya wadau

Swali: Mkuu, nilijibu kwamba intafesi haina methodi yenye mwili, msaili akacheka. Nilikosea wapi?

Jibu: Jibu hilo liliisha muda wake mwaka 2014, Java 8 ilipoleta methodi za `default`, zenye mwili ndani ya intafesi. Tofauti iliyobaki: klasi dhahania (isiyoundiwa objekti moja kwa moja) inaweza kuwa na hali yake ya ndani na konstrakta (sehemu ya kuandaa objekti mpya), intafesi haiwezi. Tena klasi inarithi mzazi mmoja, ila inatekeleza intafesi nyingi.

Swali: Kwa nini Java inakataza kurithi klasi mbili?

Jibu: Wazazi wote wawili wakiwa na methodi ya jina moja, mtoto afuate ipi? C++ inaruhusu na kukuachia mzigo. Python inaruhusu kwa mpangilio maalumu wa kutafuta. Ukikutana na hali hiyo kwenye `default` za intafesi mbili, kompaila ya Java inagoma mpaka uandike ya kwako.

Swali: Mimi ni mtu wa Python. Naambiwa haina `private`, ni kweli?

Jibu: Kweli. Ukiandika `__salio`, Python inalibadilisha jina kuwa `_Akaunti__salio`, na anayetaka bado analifikia. Waambie ni makubaliano kati ya waandishi wa programu, si kufuli.

Swali: Nimeandika `equals()` yangu vizuri, lakini `HashSet` (seti isiyopaswa kurudia vitu) inapokea akaunti ile ile mara mbili. Shida nini?

Jibu: Hukuandika `hashCode()`, inayotoa namba ya kuamua objekti ikae fungu gani. Objekti mbili zinazolingana kwa `equals()` lazima zitoe `hashCode()` moja. Zisipotoa, `HashSet` inazitafuta kwenye mafungu tofauti na haifiki hata kuzilinganisha. Ziandike zote mbili kwa kutumia namba ya akaunti, usiguse salio: likibadilika wakati akaunti imo ndani ya seti, hutaipata tena.