Kabla hujamlipa mtu akupangie safari ya Disney World

Cha kwanza kabisa, jua nani anamlipa huyo mtu anayetaka kukupangia. Hili wengi wetu hatulijui. Ejenti wengi wanaouza pakeji za Disney World, zile bustani za michezo kule Florida, wanalipwa kamisheni na Disney wenyewe, yani ukinunua hoteli na tiketi kupitia kwake bei ni ileile ambayo ungelipa ukinunua mwenyewe kwenye simu yako, sasa akikwambia juu yake kuna dola mia ya ushauri muulize hiyo mia ni ya nini. Sisemi ni mwizi, wapo wanaochaji maana wateja wanawatumikisha wiki nzima afu wanaenda kununua wenyewe, ila muulize. Na ukishajua anakula kamisheni utaelewa pia kwa nini hakutajii zile nyumba za kupanga za Kissimmee, mji wa jirani, zenye vyumba vinne na jiko, wakati familia ya watu wanane pale ndo ingebana matumizi.

Mimi nililipa bana. Tulikuwa tunatoka Texas, mimi na mke wangu, watoto watatu, na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Nikapata dada mmoja akaniuzia "mpango maalumu wa familia yenu", kurasa kumi na mbili, saa kwa saa, rangi nzuri. Naufungua, asubuhi ya kwanza katuweka wote kwenye TRON, treni ya kasi kule Magic Kingdom, moja ya bustani za Disney World. TRON urefu wa chini ni sentimita 122, kadogo ketu kalikuwa na 101. Space Mountain, treni nyingine hapohapo, nako 112, hakafiki. Hakuwahi kuniuliza urefu wa watoto hata siku moja, wala hakuniuliza kama kuna mtu mzima mwenye goti bovu, na mama mkwe goti lake linajulikana Tanga nzima. Huo mpango alishautuma kwa watu wengine mia kabla yangu, alichobadilisha ni jina tu.

Kwaiyo kabla hujatuma hela kaa chini uandike nani anaenda. Pima watoto wakiwa wamevaa viatu watakavyovaa siku hiyo. Andika na umri, maana chini ya miaka 3 anaingia bure, 3 mpaka 9 ana bei ya mtoto, akifika 10 ni mtu mzima kwenye tiketi hata kama bado analia akinyimwa soda, sasa kama wako anatimiza 10 mwezi ujao hiyo ni tofauti unayoweza kuiokoa kwa kusogeza tarehe. Andika nani hali nguruwe, nani hatembei sana, maana kule kutembea kilomita kumi kwa siku ni kawaida na mzee bila kiti cha magurudumu atakususia siku ya pili. Halafu kuna kile kitu cha kubadilishana, baba anapanda mama anabaki na mtoto aliye mfupi, baba akishuka mama anapanda bila kupanga foleni upya, ni bure, unamwambia tu mfanyakazi pale mlangoni kwa mchezo wenyewe. Mshauri wangu wa kulipwa hakunitajia, nilielezwa na mama mmoja tuliyekuwa naye kwenye foleni ya choo.

Sasa unachonunua hasa ni nini? Siyo siri. Siri hamna, kila kitu kiko wazi mtandaoni. Unachonunua ni mtu wa kukumbuka tarehe na kuamka mapema. Meza za migahawa zinafunguliwa siku 60 kabla, zile zinazogombewa zinaisha asubuhi hiyohiyo. Njia ya haraka ya kukwepa foleni, Lightning Lane, ukilala hoteli za Disney unachagua siku 7 kabla, ukilala nje ni siku 3 kabla, saa moja asubuhi kwa saa za Florida, na nafasi za zile treni kubwa za kasi zinaisha kama tiketi za Simba na Yanga. Kama unafanya shifti za usiku kwenye nyumba za wazee, na wengi wetu ndo kazi zetu hizo, hiyo saa moja asubuhi ndo unatoka kazini macho yamevimba, hapo kumlipa mtu naelewa kabisa.

Lakini angalia ushauri ni wa lini. Binamu yako aliyeenda 2015 atakwambia njia ya haraka ni bure, na hakudanganyi, FastPass ilikuwa bure tangu 1999, ila iliishia 2021, sasaivi inalipiwa na bei inapanda kulingana na siku, na toka Julai 2024 utaratibu wa kuchagua ukabadilika tena. Nilishaona watu wanauza kitabu cha mtandaoni chenye mambo ya zamani kabisa. Mtu akikutajia Genie+, jina la njia ya haraka kabla ya Julai 2024, kama kitu cha sasa, funga mkoba.

Kati ya kumlipa mtu na kutolipa kabisa kuna njia ya katikati. Tovuti ya TouringPlans kwa mfano wanatoza kwa mwaka hela isiyofika tiketi ya siku moja ya mtoto, wanakuonyesha siku zipi zinajaa na zipi zina nafuu, wanakupangia upande kipi kwanza. Ukiongeza apu ya Disney yenyewe, ambayo ni bure na inaonyesha foleni kila mahali ni dakika ngapi, familia ya watu wanne inayoenda Septemba watoto wadogo hawajaanza shule haihitaji mtu. Krismasi na ndugu kumi na wawili, hapo tafuta mtu.

Kama kuna mgeni anatoka nyumbani, viza kwanza. Ada ya kuomba hairudi, na usikubali mtu akufungie booking isiyorudishwa hela wakati bibi bado anasubiri tarehe ya ubalozini. Na tiketi za nusu bei, zile za "imebaki siku mbili nikuuzie", achana nazo, tiketi ikishatumika ni ya mtu huyohuyo na mlangoni wanapima kidole.

Kitu kimoja nilikosea mwenyewe. Ule mpango uliandika Animal Kingdom, bustani ya Disney yenye wanyama, nusu siku inatosha, nikakubali. Kumbe kuna kijiji kinaitwa Harambe kimejengwa kwa kuiga Lamu, na hoteli ya jirani ina Jambo House, Kidani, migahawa inaitwa Jiko, Boma na Sanaa, twiga wanakula majani chini ya baraza. Mama mkwe alianza kwa kunung'unika, eti amepanda ndege tatu aje kuonyeshwa twiga, afu akakaa Harambe anasoma mabango kwa sauti na kuyasahihisha, Wazungu wakasimama kumsikiliza wakidhani ni sehemu ya shoo. Saa nane mchana ratiba ikasema tuondoke. Tukaondoka, na mpaka leo ananisimanga.

Ukimpata mshauri mwambie tu "tuko sita, tunaenda Machi" kisha nyamaza. Akikuuliza watoto wana urefu gani, mzee anatembeaje, mnakula nini, mlipe. Akikutumia namba ya Zelle umtumie hela kabla ya swali hata moja, muage salama.

Mandazi na chapati bebeni, chakula cha nyumbani kinaruhusiwa kuingia, chupa za glasi ndo hapana, na maji baridi kwenye kaunta za chakula unaomba kikombe bure.